Magunia ya Mama Mkwe Kule Voi

Kwa Makhanu, nyuma ya soko la Lurambi,
Kakamega.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa mpwa wangu Shantel,

Mulembe, mama, mulembe tena. Nakusalimu wewe kwanza. Zile salamu za pili nimezishika mkononi, sizitaji, mamako asije akasema nataja mambo kabla ya wakati wake. U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Miguu bado inavimba jioni? Na Kipngeno mume wako, bado gari la moshi la mizigo linamlaza Mombasa siku nyingi kuliko anazolala kwake Voi?

Huku sote tu wazima. Risper mke wangu ana mafua, ila mafua yenyewe hayajamnyamazisha. Mimi ni chuma. Juzi nilipimwa presha pale kliniki, daktari akaita wenzake waje waangalie mashine, maanake hawakuwa wamewahi kuona mtu wa umri wangu mwenye presha ya mtoto wa shule. Mmoja alitaka kunipiga picha nikakataa.

Mvua imeanza. Ukisimama penye matope kwa muda mrefu huku Lurambi unaweza kutoa mizizi.

Ningekupigia simu, lakini mbegu hazipiti kwa M-Pesa. Barua hii imekuja ndani ya furushi la magunia matupu. Kabla hujamwambia mumeo kwamba mjomba ametuma takataka, kaa chini, nyoosha miguu, usome mpaka mwisho.

Ulipopiga mwezi uliopita ulikuwa na mambo mawili. La kwanza, daktari amekukataza kuinama na kubeba, na hataki ukae peke yako mpaka siku zako zitimie, kwa hiyo unamtaka mamako aje. La pili, mboga za huko zinafika sokoni zimechoka kuliko wewe, nawe unataka kujua mbegu gani rahisi mtu asiyejua kulima anaweza kupanda kwenye joto kama hilo. Wewe uliona ni mambo mawili. Mimi niliyaangalia nikaona ni jambo moja. Watu wengi wangehitaji wiki nzima kuona hivyo.

Mamako alifika hapa Ijumaa kutoka Matete, na kuku mmoja kwapani na maharagwe kichwani. Tukaketi nyuma ya jikoni kuchambua maharagwe, yeye, Risper na mimi. Nami sizungukizungukangi.

"Dada Sellah, mtoto anakuita."

"Nimesikia."

"Utaenda lini?"

"Makhanu, wewe ni mtu mzima. Mama wa msichana atoke kwake aende kukalia kiti cha mkwe, ale sahani ya mkwe asubuhi na jioni? Nikirudi Matete nitapitia njia gani?"

"Siku hizi wamama wanaenda."

"Waende. Labda hao hawakulelewa."

Risper akamwambia nyumba yako ina chumba cha nje chenye mlango wake, hata hatapishana na Kipngeno.

"Kulala sijakataa," mamako akasema. "Nimekataa kula."

Wewe mwenyewe unajua, Shantel. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana mpaka kwenye sahani, na mamako ndiye mtu wa mwisho wa kuvunja hilo. Nilipotaka kumweleza mila alinigeukia.

"Usinifundishe wewe. Wewe uliyekula kwa akina Risper mpaka wakaanza kuficha sufuria!"

Risper alicheka mpaka ungo ukamwanguka. Shantel, habari hiyo si ya kweli. Waliificha mara moja tu, na ilikuwa sufuria ndogo.

Basi akili ikaanza kunguruma. Unaijua akili yangu. Mwalimu wetu wa darasa la sita alimwambia marehemu baba kwamba hana tena cha kunifundisha, ndiyo sababu niliachia pale. Nikamuuliza mamako:

"Na kama chakula ni chako?"

"Changu kitoke wapi huko Voi?"

"Mbegu ni zako. Magunia ni yako, yale ya mahindi. Mboga iote ndani ya gunia lako, ipandwe na mkono wa binti uliyemzaa wewe. Kipngeno ana nini hapo?"

"Udongo."

"Udongo aliukuta, hakuuumba."

"Na maji?"

"Yanatoka mlimani. Mlima si mkwe wako."

"Na unga?"

"Utabeba wa Matete."

"Na chumvi?"

"Risper atakuchujia munyu wa kienyeji, wa majivu ya maganda ya maharagwe haya haya."

"Na sufuria ya kupikia?"

Risper akasema, bila kuinua macho, "Achukue yangu. Ile ndogo."

Mamako hakucheka. Alichambua maharagwe kitambo. Kisha akasema, polepole, kama anayeyaambia maharagwe, "Ile ya kwanza ilipoharibika sikuwepo. Mtoto wangu alilia na majirani."

Unajua ni ipi. Mimi mwenyewe, mtu niliyekuwa nikipakia miwa kule Butali, mafungu matatu kwa bega moja, nilishindwa kuinua kichwa.

Akapangusa mikono akatoa hukumu yake. Nakuandikia kama alivyoisema: "Siwezi kufika huko halafu nikae nangoja mbegu iote, nikila vya mkwe. Shantel apande. Nikisikia mboga imefika pa kuchumwa, siku hiyo hiyo mimi niko kwa basi. Isipoota, msinitaje tena."

Umeona, mama? Daktari anataka mtu awe nawe. Mtu huyo anangoja mboga. Na mboga inangoja mkono wako, mkono ambao, nisamehe, uliwahi kuua kitunguu kilichokuwa kimeota chenyewe kabatini. Lakini hilo si kosa lako. Wewe umekulia huku ambako mtu akitema mbegu ya papai dirishani, mwaka ukiisha anaomba msaada wa kukata mti. Nani angekufundisha kupanda? Huku hatupandi, tunazuia. Huko Voi ni lazima mbegu ibembelezwe, na wa kukufundisha kubembeleza ni mimi.

Magunia ni matatu. Weka kila moja juu ya mawe mahali penye jua la asubuhi, na kivuli mchana ukishakuwa mkali. Udongo uchanganywe na samadi ya mbuzi ya zamani, iliyokauka mpaka haina harufu. Ukitia samadi mpya itachoma mizizi. Tafuta mkebe mkubwa uliotobolewa juu na chini, usimame katikati ya gunia, ujazwe kokoto. Udongo ukipanda, mkebe unavutwa juu, unajazwa tena kokoto, mpaka gunia lijae. Hiyo nguzo ya kokoto ndiyo koo la gunia. Maji yakimwagwa hapo yanafika mpaka chini, hayaishii juu juu. Gunia likijaa litakufikia kiunoni, kwa hiyo huinami hata kidogo. Hapo daktari hana neno.

Sasa mbegu. Ile iliyo ndani ya soksi ya Risper ni kunde. Anza na hiyo, kwa sababu kunde ni kama mimi, haijui kushindwa, na joto inalipenda. Toboa udongo kwa kidole mpaka pingili ya kwanza, tia mbegu mbili, funika. Panda juu, halafu utoboe na ubavu wa gunia kwa kisu huku na huko, utie mbegu na humo. Mwaka juzi nilipanda kunde hapa karibu na nguzo ya stima, sikuiangalia siku mbili, nikakuta imepanda nguzo, imevuka waya, inashuka kwa Osiako jirani yangu. Watu wa stima walikuja kuuliza ni nani ameunganisha laini bila kibali. Muulize Osiako. Atakataa kwa sababu alikula upande wake bila kuniambia.

Majani ya kunde uchume yangali laini, na usivue shina likabaki uchi. Chuma hapa, ruka, chuma pale. Nalo litaona umelipenda, litatoa mengine.

Ya pili iko katika chupa ya dawa ya kikohozi, nimeiosha. Huo ni mchicha, tunaouita dodo. Mbegu yake ni ndogo, ukipiga chafya umepoteza shamba. Na hapa ndipo wanaoanza wanapokosea: wanaizika kama maiti, halafu wanasema mbegu mbaya. Usiizike. Changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya gunia kama unavyotia chumvi, pitisha kiganja taratibu, basi. Tandika nyasi kavu juu yake. Ukiona vijani vinachungulia, ondoa nyasi hizo jioni, si mchana, jua lisivichome. Vikisongamana, ng'oa vingine, na hivyo unavyong'oa usivitupe, ndiyo mboga yako ya kwanza. Chungu wa huko nasikia ni wezi. Zungushia majivu chini ya mawe watarudi kwao.

Maji, asubuhi na jioni. Usimwage kwa ndoo kama unayezima moto. Chukua mkebe, utoboe chini kwa msumari, maji yashuke kama mvua ya kwetu. Maji ya kuoshea mboga au mchele yanafaa, ya sabuni usithubutu.

Ya tatu imefungwa kwa kitambaa cha kanga, na ndani ina majivu. Hiyo ni mrenda wa mamako mwenyewe, wa ile mbegu aliyokuja nayo alipoolewa. Mrenda huu ukipikwa vizuri unateleza hivi kwamba mwaka jana mgeni wetu mmoja alimeza obusuma, tonge zima la ugali, kabla hajaamua. Lakini mbegu yake ni kaidi, ina ganda gumu, na usipoiamsha inaweza kukaa ndani ya udongo ikikuangalia tu. Namna ya kuiamsha tuliipata kwa Osiako, na nitakueleza ili usicheke ukifanya.

Mke wa Osiako aliweka mbegu ya mrenda ndani ya majivu, juu ya dari ya jikoni, kama wamama wote. Akaenda kwao matangani. Osiako akabaki, akatamani mboga yenye munyu. Akaona majivu darini, akasema, aha, haya ndiyo ya munyu. Na kwa sababu hana subira, badala ya kuchuja na maji baridi, akachemsha birika akayamwagia ya moto. Akala mboga yake, akasema ina mchanga kidogo. Majivu yaliyobaki akayatupa nyuma ya jikoni. Mkewe aliporudi na kuuliza mbegu iko wapi, kelele ilisikika mpaka kwa chifu. Lakini mvua ilipopiga, nyuma ya jikoni ya Osiako pakaota mrenda mwingi kama nywele kichwani, huku majirani waliopanda ya kwao kavu kavu wanangoja. Mkewe alimsamehe. Mimi nisingemsamehe.

Kwa hiyo wewe ipepete mbegu majivu yatoke, iweke kwenye kitambaa hicho hicho, chemsha maji, yaepue, chovya kitambaa na kutoa mara moja, kama unavyochovya mkate kwenye chai. Isikae humo ikaiva. Kisha itie kwenye maji baridi, ianike kivulini mpaka isishikane, uinyunyize kama mchicha. Ukiogopa, chovya nusu tu, nusu nyingine ibakie. Hata mimi huwanga naweka akiba, ingawa sijawahi kuihitaji.

Usijaribu kabichi wala karoti sasa hivi. Hizo zinataka baridi na maringo. Ukishajua mkono wako, tutazungumza.

Sasa Kipngeno. Najua atacheka. Mwambie mjomba anasema acheke, akimaliza achukue koleo. Hapa palikuwa na kesi. Mamako aliuliza ni nani atakayejaza magunia na wewe umekatazwa kubeba. Nikasema ni mkwe. Akasema mkwe akilima, shamba ni la mkwe, tumerudi tulikotoka. Nikamwambia kujaza gunia si kulima, ni kubeba mzigo, na mtu wa reli kazi yake ni mizigo. Alifikiri, akasema: "Abebe udongo. Mbegu asiguse. Mboga ikiota asijichumie. Akitaka, abishe hodi aombe kwa adabu, nitampa. Mimi si mchoyo."

Kwa hiyo umwambie hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Na akiwa zamu, gunia lisiachwe kiu. Kama siku hiyo umelemewa, mwite huyo jirani yako mama Kemunto akumwagilie. Mamako amekubali mama Kemunto, nilimuuliza.

Shantel, najua unaogopa. Kwenye simu ulicheka sana, na wewe ukicheka sana najua. Unaogopa kupanda kitu halafu ukae unakiangalia kama kitatoka au hakitatoka. Mimi sina la kukueleza hapo, sijabeba mimba. Ila nakwambia hivi: kunde ukizitia leo, kabla wiki haijaisha utaona udongo umepasuka na kitu kimeinamisha shingo kinatoka. Zingine hazitatoka. Hizo ziache, tia nyingine hapo hapo. Si wewe uliyeziua. Hata huku kwangu, ambako sijawahi kushindwa, ziko ambazo hazitokangi.

Nilidhani barua inaishia hapo, lakini kuna jambo limetokea asubuhi hii, ngoja nikuongezee.

Nilikuwa nafunga furushi kwa kamba, magunia matatu na mbegu tatu, mamako akatoka ndani ameshika gunia la nne. Ndani yake kulikuwa na mbegu za boga, kubwa, nyeupe, amezichagua moja moja. Mimi sikuwa nimekuandikia habari ya boga. Boga linatambaa, linataka nafasi, na kwa anayeanza linachelewa sana. Majani yake ya liseveve utayala mapema, sawa, lakini boga lenyewe mpaka mvua hii iishe na kiangazi kishike.

Nikamwambia, "Dada, si ulisema unaenda mwezi mmoja tu, mtoto apate nguvu, urudi upalilie mahindi yako?"

"Nilisema."

"Mwezi mmoja hata ua hutaliona."

"Mwambie asilivune changa," akasema, kama hakunisikia. "Liache likomae mpaka ukucha usiingie. Likatwe na kikonyo chake, liwekwe juu mahali pakavu. Hivyo linakaa miezi na miezi. Asilipike. La kwanza nitalipika mwenyewe."

Kisha akarudi jikoni kwa Risper.

Mimi nikabaki na kamba mkononi. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Boga lililokomaa vizuri, lililowekwa mahali pakavu miezi na miezi, linapondwa laini kwa nini, Shantel? Linapondwa kwa ajili ya mdomo usio na meno. Ndicho chakula cha kwanza sisi sote tulichopewa na mama zetu tulipoacha kunyonya peke yake, mimi, mamako, hata wewe. Hakusema ni la nani, nami sikumuuliza. Nimelitia gunia la nne chini kabisa ya furushi, na mbegu nimezifunga kwa ganda la mahindi. Hizo zipande pembeni ya ua, zipate pa kutambalia.

Msalimie sana Kipngeno, umwambie namheshimu ingawa hajui kula mrenda. Msalimie mama Kemunto. Risper anakusalimu na kupiga chafya. Osiako naye anakusalimu, na anasema habari ya munyu nisiiandike.

Mungu aliyeweza kutia uhai kwenye kitu kidogo kama mbegu ya mchicha, na huwa hausahau humo, akuangalie wewe na nyumba yako, akufikishe salama.

Kunde zikichungulia, hata iwe moja, piga simu kwa namba yangu. Atakayepokea si mimi. Mamako ameichukua tangu asubuhi, yake anasema haishiki chaji, ameiweka kifuani kwenye leso isije ikalia akiwa mbali, na furushi lenyewe bado liko hapa mezani.

Ni mimi ninayekupenda bila kupunguza,
Mjomba wako,
Makhanu.